Hilo ni Ua Gani?

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Usiku huo mimi niliukuta mchana, saa nne za asubuhi, ofisini mwa msimamizi wa tasnifu yangu, jua likiwa limejaa dirishani. Nilikuwa nimempelekea rasimu ya sura ya tatu, inayochunguza taswira ya maua katika ushairi wa Kiswahili. Kwa kurasa 40 nilikuwa nimeyajadili asumini, waridi, kilua na mkadi kwa ari ya mtu aliyelelewa kati yake, ilhali mimi ni mzaliwa wa Kibera na mkadi sijauona hata leo. Kisha, mwishoni mwa sura, nikadai kwamba washairi wa bara nao "huyatumia maua ya kondeni". Msimamizi aliyapigia mstari maneno hayo, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Ua gani?

"Maua ya kawaida tu, mwalimu," nikajitetea. "Haya ya porini."

"Yana majina?"

Nilinyamaza. Akanirudishia karatasi zangu bila kuongeza neno, na ninyi mliowahi kuandika tasnifu mnajua kwamba kimya cha msimamizi ni kizito kuliko maelezo yake.

Nilikwenda maktabani kujiokoa kwa kamusi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua fadhaa ya maneno mawili, "aina ya". Unatafuta mti, unaambiwa ni aina ya mti. Unatafuta ndege, unaambiwa ni aina ya ndege mwenye rangi fulani. Sisemi hivyo kwa kuwabeza watunzi wa kamusi, maana hawakuwa wanabotania, na kazi waliyoifanya sisi hatujaifikia hata robo. Nasema tu kwamba niliyatafuta maua ya kwetu Nairobi nikayakosa, au nikayapata yakiwa yamefungiwa katika hayo maneno mawili. Kwa upande mwingine, kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012, na aina zilizomo zinazidi 12,000. Kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na majina yake ni ya Kilatini. Kati ya hazina hiyo na kamusi yetu pana pengo, na sura yangu ya tatu ilikuwa imetumbukia humo.

Sikujua kwamba aliyeweza kunitoa alikuwa nyumbani, akila ugali wake kimya kimya kila jioni.

Baba alikuwa mtunza bustani. Natumia jina la heshima. Jina alilozoea kuitwa na waajiri, hata alipokwisha kupata wajukuu wawili, ni "shambaboi". Alifika Nairobi kutoka Kakamega mwaka 1991, akahangaika na vibarua vya mjengo, na mwaka 2003 akapata kazi katika nyumba moja mtaani Lavington. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja, yenye vigae vyekundu na kiwanja cha nyasi kikubwa kuliko uwanja wa shule niliyosomea. Miaka yote hiyo tuliishi Kibera. Baba aliondoka alfajiri, akaifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha akashika njia za ndani, kwa miguu, ili nauli ibaki kwa ajili ya karo.

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga zilianza kubomoa nyumba Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba yetu ilikuwa katika mkondo huo. Sitaki kulisimulia tukio hilo hapa, kwa kuwa wengi wamelisimulia na kwa kuwa kila nikijaribu huishia kuorodhesha vyombo. Tulihamia Kawangware, chumba kimoja katika ploti ya vyumba 14 vinavyotumia mfereji mmoja, na baba akawa na safari fupi zaidi ya kwenda kazini. Alisema hilo mara nyingi mno, kama mtu anayetaka kuisifu dawa chungu. Shangazi yangu, dada yake baba, alibaki Kibera kwa kuwa nyumba yake ilipona kwa kadiri ya hatua 20.

Basi mnamo Februari 2024 baba alirudi akatuambia kwamba nyumba ya Lavington imeuzwa na kwamba patajengwa ghorofa. Anayeijua sehemu hiyo ya mji hatashangaa: Kilimani, Kileleshwa na Lavington yenyewe zinageuka hivyo, kiwanja baada ya kiwanja. Alikuwa amepewa majuma mawili. Nilitarajia azungumzie malipo ya miaka 21. Badala yake aliniuliza:

"Mwanangu, Jumamosi una kazi? Nataka unisaidie kubeba vitu."

"Vitu gani, baba?"

"Maua."

Nilidhani ni mawaridi ya bibi mwenye nyumba. Kumbe.

Kiwanja kile nilikuwa nimekiona mara mbili tu utotoni, nacho kilibaki akilini kama zulia moja la kijani. Nilipokitazama Jumamosi ile niliona kwamba zulia lilikuwa na viraka. Hapa na pale, chini ya miti na kando ya ua wa michongoma, mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imezunguka badala ya kupita, ikaacha visiwa vidogo vya majani marefu. Baba aliviita hivyo hivyo, visiwa. Alikuwa ameviacha kwa miaka mingi. Mwenye nyumba alipolalamika kwamba magugu yanaharibu sura ya kiwanja, baba alijibu kwamba mawe yaliyofukiwa hapo yangevunja kisu cha mashine. Aliponunuliwa dawa, ile inayoua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi, aliichanganya na maji mengi hata ikawa kama maji ya kunawia mikono, akanyunyiza kwa bidii mbele ya dirisha la sebule.

"Kwa nini ulifanya hivyo, baba?"

"Kwetu yalikuwepo," alisema. Hakuongeza.

Tulianza kwa lile nililolijua kwa sura, kwa kuwa liko kila mahali: mmea unaotambaa, wenye majani laini na kijiua cha samawati chenye petali mbili kubwa na ya tatu ndogo iliyojificha chini. Huchanua asubuhi na kufikia adhuhuri huwa kimenywea. Baba aling'oa shina moja taratibu akanionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Mizizini palikuwa na vijitawi vyeupe, na juu ya vijitawi hivyo vifuko vidogo. Mmea huu hutoa maua ya aina mbili, la juu tunaloliona na jingine chini ya ardhi ambalo halifunguki kamwe, likajitungia mbegu humo humo gizani. Ndiyo maana, alisema, ukilifyeka unapoteza muda wako tu. Kando yake palikuwa na ndugu yake mwenye ua la manjano. Kitabuni wa samawati ni Commelina benghalensis na wa manjano ni Commelina africana. Baba aliwaita wote wawili "chakula cha sungura".

Kisha tukafika penye mmea mfupi wenye majani yenye meno meno na vijiua vya zambarau iliyopauka, vimejibanza shinani kama vinavyoona haya. Baba alichuma jani akanipa nitafune. Uchungu wake ulinikaa kinywani hadi jioni. Yeye hakuwa na jina lake. Alijua tu kwamba wanawake waliokuja kufua nyumba jirani waliomba ruhusa ya kulichuma mtoto akiwa na homa.

Palikuwa na mbigili, ambao kila aliyecheza kandanda bila viatu anaujua kwa wayo. Palikuwa na mnavu wenye vijinyota vyeupe. Na penye mwamba uliotokeza karibu na tangi la maji, ambapo udongo ni mwembamba kama ukoko wa sufuria, palikuwa na kitu nilichokidhania kuwa majani makavu yaliyojikunja. Baba alikimwagia maji kikombe kimoja akasema tuendelee na kazi. Tuliporudi baada ya chakula, yale makavu yalikuwa yameanza kujikunjua na kubadilika rangi. Kesho yake, alisema, yangelala chini yakiwa ya kijani, yamejipanga duara, na mvua ikinyesha yangetoa ua jeupe lenye zambarau.

La mwisho halikuonekana kabisa. Baba alisimama chini ya mti karibu na lango, akapima hatua tatu kutoka shinani, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa kisu. "Lipo hapa," alisema. Kila mwaka, masika yakikaribia, hapo hutokeza bua lisilo na jani, na juu yake mpira wa vijiua vyekundu visivyo na idadi, mkubwa kuliko ngumi mbili zilizounganishwa. Hukaa siku chache, kisha hunyauka na majani ndiyo huja. Kiangazi hutoweka pasiachwe alama. Kwa miaka 21 alikuwa ameikata nyasi ya mahali hapo kwa fyekeo, kwa mkono. Alitoa matunguu matatu, meupe yenye madoa mekundu, akayapangusa kwa shati lake.

"Hili unaliitaje?" nikamwuliza, kalamu mkononi, maana tayari nilikuwa nimeanza kumgeuza baba yangu kuwa mtafitiwa.

"Mimi hulisema ua la mvua. Si jina. Ni vile ninavyolisema."

Hapa sina budi kukiri jambo la aibu. Jumatatu yake nilibeba vielelezo vinne, vimekandamizwa kati ya magazeti, hadi Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa. Nimesoma Nairobi miaka yangu yote na sikujua kwamba ipo. Chimbuko lake ni Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Ilihamia Nairobi mwaka 1950, na makabatini mwake mna vielelezo vinavyokaribia milioni moja. Waliokuwepo walinipokea kwa upole ambao ofisi nyingi zingeuiga. Ule mchungu ukawa Ajuga. Ule wa mwambani, Craterostigma. Ua la mvua, ambalo nilipeleka picha ya zamani iliyokuwa kwenye simu ya baba, likawa Scadoxus multiflorus. Nilitoka nikijiona msomi.

Ila majina yale yalipofika Kawangware yaligeuka kuwa kesi. Nilikuwa nimejifunza pia yapi ni ya asili na yapi ni ya kuja, nikamwambia baba kwamba kishona nguo, kile kinachong'ang'ania suruali kwa vijisindano vyeusi, si cha kwetu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Alikataa katakata.

"Kishona nguo? Nimekikuta kwa babu yangu!"

"Ni mgeni, baba. Kama mjakaranda. Nao umetoka Amerika ya Kusini."

"Na hizi nyasi nilizokuwa nazikata?"

Hapo nilipata la kumfurahisha. Nyasi zile nene za viwanja vya Lavington ni za nyanda zetu za juu. Zilichukuliwa zikapandwa Australia, Afrika Kusini na California, na huko zinaitwa kwa jina la Wakikuyu. Huko Marekani zimo katika orodha rasmi ya magugu hatari, pamoja na kile chakula cha sungura. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Alipotulia aliuliza swali ambalo sijalijibu: mgeni hukaa miaka mingapi ndipo awe mwenyeji? Aliuliza kuhusu kishona nguo, lakini sisi ni watu wa Kibera. Jina la mtaa wenyewe limetokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Wao walikuwepo pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwa askari wa jeshi la kikoloni na jamaa zao, na ni mwaka 2017 tu walipopewa hati ya ardhi ya ekari 288. Jirani yetu mmoja wa Makina, mzee wa Kinubi, alikuwa akisema kwamba yeye ni mgeni aliyewakaribisha wenyeji wote.

Turejee kwenye uhamisho wenyewe, maana una taratibu zake na baba hakuniruhusu kuzivunja. Hauhamishi mmea jua likiwa kali. Unangoja saa kumi na moja jioni. Unamwagilia kwanza, kisha unachimba mduara mpana kuliko unavyodhani, unaingiza jembe chini na kuinua bonge zima la udongo, mizizi isijue kwamba imesafiri. Unapunguza majani ili mmea usinyonywe maji usiyoweza kuyavuta. Unabeba udongo wa mahali pale pale, debe moja zaidi, kwa ajili ya kuuzoesha. Chakula cha sungura hakihitaji heshima hizo: kipande cha shina chenye kifundo kimoja, ukikitupa, kinaota. Vyombo vyetu vilikuwa mikebe ya Kimbo, ndoo za rangi zilizotobolewa na mtungi wa lita 20 uliokatwa katikati.

Tulipofika langoni na mkokoteni wetu, askari wa zamu alitusimamisha.

"Mzee, hivyo ni vya nani?"

"Ni magugu," baba akajibu.

"Magugu yanabebwa kwa mikebe?"

Kampuni iliyonunua ile nyumba ilikuwa imekwisha kumwagiza asitoke mtu na kitu bila barua. Ni kijana mstahifu, na alikuwa akiilinda kazi yake kama baba alivyoilinda ya kwake. Akapiga simu. Aliyeipokea akataka orodha ya mali inayotolewa. Basi tukasimama pale, giza likiingia, mimi nikiandika kwenye karatasi ya daftari: mikebe tisa ya majani, ndoo mbili za majani, matunguu matatu. Baba hakusema lolote. Kwa miaka 21 mimea ile ilikuwa takataka ya kiwanja, na sasa ilihitaji idhini ya kutoka. Niliona mikono yake ikiushika mkokoteni kama anavyoushika mtu anayesubiri kupekuliwa, na nikaona haya kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Idhini ilikuja kwa ujumbe wa simu saa moja na nusu usiku. Askari alitufungulia, kisha akaomba kipande cha ule mmea mchungu kwa ajili ya mama yake.

Kule Kawangware mwenye ploti alituruhusu kutumia ukanda mwembamba kando ya mfereji, upana wa dhiraa moja. Jirani yetu wa mlango wa pili, ajuza ambaye watoto wote wa ploti humwita Shosho, alitoka na taa kututazama. Aliinama juu ya ule mmea mchungu akapiga kofi moja.

"Wanjiru wa Rurii! Mmemtoa wapi?"

Nilimwomba arudie. Wanjiru wa Rurii: mmea wenye jina la mwanamke, na la ukoo juu yake. Na kile chakula cha sungura akakiita mukengeria bila hata kukitazama vizuri. Juma moja baadaye, kwa shangazi Kibera, jirani yake Mjaluo alikiita odielo kwa wepesi ule ule. Usiku ule niliketi na daftari langu nikaona jambo ambalo, nikipewa ruhusa, ningependa walimu na wenzangu walijadili. Sokoni Kawangware mchuuzi hutaja managu, terere, saga na mrenda, na sisi tunajua kwamba Kiswahili sanifu kina mnavu, mchicha, mgagani na mlenda. Mimea hiyo ina majina mawili matatu kila mmoja, kwa kuwa inaingia chunguni. Ile inayotibu inayo majina katika lugha za mama. Mbigili unalo kwa kuwa unachoma. Lakini maua yasiyoliwa, yasiyotibu na yasiyochoma, ambayo mtu huyaona tu na kuyapenda, ndiyo niliyoyakosa. Lugha yetu imeyapa majina maridadi maua ya bibi harusi wa pwani. Haya ya bara tumeyaachia neno moja, gugu, ambalo si jina la mmea bali ni hukumu ya mwenye shamba.

Au labda majina yapo na mimi sijawauliza watu wanaostahili. Nimeanza kuuliza.

Shangazi tulimpelekea mikebe minne na tunguu moja. Yeye analima katika magunia, kama walivyojifunza wanawake wengi wa Kibera hasa baada ya ghasia za 2007 na 2008 chakula kilipoadimika: gunia la udongo lenye mawe katikati ya kupitishia maji, sukuma wiki zikichungulia ubavuni kupitia matundu. Njia ya kwenda kwake inapita mahali ambapo uwanja wa gofu uliofunguliwa mwaka 1906 unapakana na mabati, na kwa mara ya kwanza niliutazama uwanja ule nikijiuliza ni nini kinachokatwa humo kila asubuhi.

"Linaliwa?" shangazi aliuliza alipopewa tunguu.

"La, shangazi. Lina sumu. Watoto wasiliguse."

"Haliliwi, lina sumu, na wewe umelibeba kutoka Lavington."

"Litatoa ua."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyesoma mno. Hata hivyo akatoa mche mmoja wa sukuma juu ya gunia la mwisho, lililo karibu na mtaro, akalipanda.

Mvua ya mwaka huo kila mtu anaikumbuka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu Nairobi na kuvunja makazi ya kandokando ya mito, Mathare hadi Kibera. Mtaro wa shangazi ulifurika usiku. Yeye na watoto waliokoka kwa kupanda kwa jirani wa juu, na hilo ndilo tuliloshukuru. Magunia matatu yalikwenda na maji, likiwemo la mwisho. Aliponipigia simu alieleza habari za nyumba, za magodoro, za madaftari ya watoto, halafu, sauti ikiwa imeshuka, akasema, "Mwambie baba yako nimelipoteza ua lake. Sikulisahau. Nililishika, gunia likanishinda uzito." Nilipomfikishia baba ujumbe huo alitoka nje, akakaa mferejini muda mrefu. Nilipokwenda Kibera mwezi wa sita nilikuta odielo imetambaa ukingo mzima wa mtaro, samawati tupu, na hakuna aliyeipanda.

Huku Kawangware nako si yote yaliyopona. Ile mimea ya mwambani ilikufa kwa wema wetu: tuliipa udongo mzito na maji mengi, ikaoza. Wanjiru alishika vyema na Shosho ameshamgawa kwa nusu ya ploti. Mukengeria inavamia na mwenye ploti ameanza kunung'unika. Matunguu mawili yaliyobaki yalitoa majani tu mwaka huo, mapana, yenye afya, bila ua. Baba alisema yana haki ya kununa. Kazi nyingine ya bustani hakuipata, kwa kuwa penye bustani sasa pana maegesho ya magari. Alipata ya ubawabu wa usiku, Kileleshwa, kwenye ghorofa ambazo mbele yake pana maua ya plastiki. Majani ya matunguu yalipokauka nilitaka kuchimba nione kama yamo hai, akanikataza.

Nilimrudishia msimamizi sura ya tatu ikiwa na aya tano mpya na jedwali la majina. Alisoma, akaandika pembeni: Nani kasema? Nikalazimika kumtaja baba katika orodha ya watafitiwa, pamoja na Shosho, shangazi, jirani yake na yule askari wa langoni, aliyekuwa amenipa jina la mama yake la ule mmea nikalipoteza.

Masika ya 2025, asubuhi moja, baba alirudi kutoka zamu hakuingia ndani. Nilimkuta amechutama mferejini na sare yake, kofia mkononi. Ardhi ilikuwa imepasuka na kidole kimoja chekundu kimetokeza kutoka kwenye tunguu la kushoto. La kulia lilikuwa kimya. Siku sita baadaye ua lilikuwa limefunguka, na foleni ya mitungi ikawa inajipinda ili kulipita. Watoto wa ploti walilihesabu vijiua wakagombana walipofika 90.

Baba aliniagiza niandike jina lake kwenye kipande cha katoni, nikichomeke hapo, watu wajue lisije likang'olewa. Nilimwuliza niandike lipi. Kilatini alikikataa, akasema kwamba atakayekuja kung'oa hasomi Kilatini. "Ua la mvua" nalo alilikataa, kwa kuwa si jina. Shosho alisema kwao lina jina ila limemtoka, ngoja alikumbuke. Tunangoja. Katoni imechomekwa ikiwa tupu, na kuku wa mlango wa tano wameshaidonoa pembe moja.